Ukiulizwa Umetoka Wapi

Kalemie, Zaire
11 Juni 1996

Mdogo wangu Zaitun,

Salamu nyingi zikufikie wewe, watoto na majirani wote wanaonitaja kwa wema. Wanaonitaja kwa ubaya nao wasalimie, wajue nimefika. Mimi mzima. Wifi yako Nasra naye mzima, isipokuwa kifua chake kile kile, ingawa upepo wa upande huu wa ziwa ni mwepesi kuliko wa Ujiji na nina hakika utamponya.

Tumepanga chumba karibu na stesheni. Unajua nilivyokuwa nikikwambia. Miaka thelathini nimekaa kwenye dirisha la tiketi Kigoma, kila mtu namwuliza, "Unakwenda wapi?" Namkatia tiketi, anakwenda, mimi nabaki. Watu wa kwetu wanadhani reli inaishia Kigoma. Haiishii, Zaitun! Inapumzika tu, kisha inaendelea huku ng'ambo. Nimeiona kwa macho yangu ikiingia porini kuelekea Kabalo, na tukipata nafasi tutaifuata. Nasra anasema tungoje kwanza nguo zikauke. Mwanamke huyu ningemsikiliza, ningezeekea uani.

Sasa maagizo. Nyumba usiifunge. Marehemu mama alikuwa akisema nyumba isiyotoa moshi inaita msiba. Kila jioni nenda uwashe moto, hata wa kuchemsha maji tu, ufagie, urudi kwako. Lakini usipangishe na usiingize mtu. Koti langu la reli liko nyuma ya mlango, nalo liache hapo hapo.

Mwenzangu wa kahawa Hamdani anasemaje barazani? Siku ile nilipochinja mbuzi wa kuaga niliwaambia wote, "Ninyi kaeni mngoje kahawa na mauti. Mimi mtanisikia tu, hamtaniona." Baiskeli niliyompa anaipanda, au anaogopa kuanguka? Mwambie naiulizia.

Ndugu yako msafiri,
Abdulmajid Dadi

*

Ujiji
3 Agosti 1996

Kaka Abdulmajid, shikamoo.

Barua yako imeletwa na mtu wa boti, nayo ilinuka dagaa hata kabla sijaifungua, lakini niliibusu hivyo hivyo. Sisi hatujambo. Binti yangu wa Mwandiga amejifungua mtoto wa kiume na tumempa jina lako. Analia usiku kucha, hatulii kwa huyu wala kwa yule, basi jina limemkaa.

Moto nawasha. Ila kaka, kutoka kwangu hadi kwako ni mlima, na magoti yangu yamestaafu kabla yako. Wewe unatembea kwa raha zako, mimi natembezwa na nyumba yako. Juzi nilikaa kizingitini nikilinda sufuria ya maji yasiyo na kazi, jirani akaniuliza, "Mama Zaitun, unampikia nani?" Nikasema nawapikia watalii.

Hamdani alianguka na baiskeli pale kona ya soko la samaki, akamwaga migebuka ya watu. Anasema ukirudi utamkuta pale pale barazani, na nafasi yako ya kukaa bado ipo.

Mbona wifi hajatia hata neno moja kwenye barua? Wifi Nasra, kama kalamu imefichwa, kohoa tu, nitakusikia.

Mtarudi lini? Wenzako wakistaafu wanapumzika. Wewe umestaafu ndipo umeanza kazi.

Ni mimi dada yako,
Zaitun

*

Kalemie
2 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Natumai nyote hamjambo, na wajina wangu amepunguza kulia. Naandika kwa haraka, boti inaondoka.

Huenda mmesikia habari za vita vya Uvira. Msiwe na wasiwasi, sisi tuko mbali na hayo. Treni zimesimama kwa muda, inasemekana injini zimechukuliwa na jeshi. Nakwenda stesheni kila asubuhi kuuliza. Mlinzi amenizoea, sasa ananipa kiti.

Nasra anasema turudi. Nimemwambia mwezi ujao. Mtu aliyeagwa kwa mbuzi harudi na begi lile lile aliloondoka nalo, watu watamwangalia mikono. Nataka kwanza nifike Kabalo, hata niguse ukuta wa stesheni tu, nigeuze.

Moshi upo?

Abdulmajid

*

Kalemie
9 Aprili 1997

Mdogo wangu mpenzi Zaitun,

Najua tumekaa kimya muda mrefu, nawe una haki ya kukasirika. Ni shughuli. Sisi wazima kabisa, tumehamia nyumba nyingine, si kubwa ila ina hewa. Majirani ni watu wema, wengi wao wamefika karibuni kama sisi.

Nina ombi dogo. Nipatie blanketi mbili na ile dawa ya kifua ya Nasra, maana huku usiku baridi ni kali. Mpe Martini, yule gadi wa treni niliyemfundisha kazi, yeye atajua pa kunifikishia.

Habari nyingine hakuna. Mvua zinanyesha sana. Treni ya abiria ilichelewa tena jana, imepita alfajiri, na dereva wake ni mgeni, anapiga honi ndefu kupita kiasi.

Usimsumbue Hamdani kwa habari zetu.

Kaka yako,
A. Dadi

*

Ujiji
27 Aprili 1997

Kaka, shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu unastahili.

Barua zako zote za nyuma zilivuka ziwa mifukoni mwa watu wa boti. Hii imekuja posta, ina stempu ya Tanzania, tena imepigwa muhuri wa Uvinza. Mwenyewe uliniandikia kwamba treni za huko zimesimama. Sasa hii inayopiga honi alfajiri ni ya wapi? Martini gadi anafikaje Kalemie, anaogelea? Na Kalemie yenyewe imetekwa tangu Februari, hata watoto wa hapa wanajua.

Nilikuandikia Desemba, nikakuandikia Januari. Mwezi wa pili nilikuwa nashuka ufukweni kila boti ya wakimbizi ikifika, natazama nyuso za wazee mmoja mmoja. Nilijifunga kanga tumboni kama mtu wa matanga. Kumbe upo hapa hapa mkoani, kambini, unaniambia nyumba ina hewa!

Martini nimembana amesema kweli. Blanketi na dawa nimempa. Pamoja navyo nimeweka sabuni, mawese na vitumbua, vya wifi hivyo, wewe usiguse.

Sasa niambie: mzaliwa wa Ujiji, mwenye nyumba Ujiji, anakuwaje mkimbizi Kigoma?

Zaitun

*

Kambini Lugufu
15 Mei 1997

Mdogo wangu Zaitun,

Blanketi zimefika, dawa imefika, na matusi yako yamefika yote, hakuna lililopotea njiani. Vitumbua Nasra amenipa kimoja.

Basi sikiliza. Vita vilipokaribia Kalemie, Nasra alikuwa amefunga mizigo tangu Novemba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiifungua. Mwishowe tulikimbia bila mizigo, tukapata boti iliyojaa mpaka maji yalikuwa yanachungulia ndani. Nasra alikohoa njia nzima na mimi nilimshika.

Tulishuka Kigoma, watu wengi kama siku ya Idi. Kijana mmoja mwenye kofia alikuwa akipanga watu, hawa huku, hawa kule. Akanifikia akasema, "Shikamoo mzee. Mmetoka wapi?"

Zaitun, miaka thelathini mwuliza maswali nilikuwa mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi nimetoka wapi, na hata angeuliza, ningemjibu nini? Nimetoka nyumbani, naingia kazini. Siku ile, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilikuwa na jibu. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti, "Tumetoka Zaire!" Nasra akanifinya mpaka alama ikabaki. Kijana akasema, "Poleni sana. Simameni upande huu." Tukasimama upande huo. Lori likaja.

Ningeweza kusema pale pale, bwana, mimi ni Abdulmajid Dadi, wa Ujiji. Lakini nikaona mpagazi mmoja wa gati anayenifahamu, nikajifunika kanga ya Nasra mpaka akapita. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi ya jana, na ndivyo ilivyoendelea.

Siwezi kuja. Nitapitaje barazani? Nilisema hawataniona, halafu wanione na ndoo ya msaada mkononi. Hamdani atacheka mpaka aanguke tena. Bora nikae huku nisikilize treni. Usimwambie mtu.

Nasra haongei na mimi tangu Jumatatu. Anaongea na kuku wa jirani.

Kaka yako,
Abdulmajid

*

Ujiji
30 Juni 1997

Kaka, shikamoo, na wifi yangu nampa pole ya mume.

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikalia. Sijamwambia mtu. Lakini wewe na mimi tumenyonya titi moja, na kumbe uwongo nao tumenyonya pamoja. Zamu yangu.

Nyumba yako ina watu tangu Novemba. Ni mzee Selestini, fundi cherehani wa Uvira, wa rika lako, na mkewe Leonia. Watoto wao wametawanyika, hawajui yuko wapi nani. Walikuja kukaa kizingitini kwangu wamelowa, hawakuomba kitu. Kwangu wajukuu wanalala mpaka chini ya meza. Nikafikiri, kule kuna nyumba inalilia moshi, hapa kuna watu wanalilia paa, na katikati kuna magoti yangu. Nikawapa ufunguo.

Ni watu safi. Jumapili wanakwenda kanisani, siku nyingine Selestini anashona barazani kwako kwa cherehani ya kuazima. Mlango wa uani uliokuwa ukiburuza ameunyanyua. Asubuhi za sasa zina baridi, nimempa na koti lako.

Hawatakiwi kukaa nje ya kambi, ndiyo maana sikukuandikia. Na Mungu anisamehe, ndiyo maana sikukupigania urudi kwa nguvu zangu zote. Nilijiuliza, ukija, hawa nitawapeleka wapi? Nikaumwa na swali hilo usiku mwingi.

Zaitun

*

Lugufu
12 Julai 1997

Zaitun,

Nilikuagiza mambo mawili tu, usiingize mtu na usiguse koti. Yote mawili umeyavunja kwa mkupuo mmoja. Sina la kuongeza.

A. Dadi

Wifi yangu, ni mimi Nasra. Amelala, nimechukua kalamu. Waache wazee wa watu wakae. Mimi sasa nalala chini ya turubai, najua paa ni kitu gani. Lakini nawe nikwambie la moyoni, maana nikilinyamaza litaniua kabla ya kifua. Nataka nyumbani. Moshi wa humu hauna pa kutokea, nakohoa mpaka naona giza. Treni ikipita kaka yako ananiambia, "Hiyo inakwenda Tabora." Mimi ninayoingojea ni ile inayokwenda Kigoma. Yeye hajui kwamba nazitofautisha.

*

Ujiji
8 Desemba 1997

Kaka, shikamoo. Sina nafasi ya salamu ndefu, nisamehe. Wajina wako anatembea.

Tangu Julai hukunijibu hata barua moja, nami nilikuwa nimeapa sikuandikii mpaka uanze wewe. Kiapo nimekivunja, kafara nitatoa.

Kuna msako. Askari wanakusanya wakimbizi wote waliokaa mijini na vijijini. Selestini alikuwa ametoka kwenda Mwandiga kupeleka sare za shule alizoshona, hakurudi. Waliomwona wanasema alipandishwa lori pale pale sokoni. Leonia nimemficha kwangu, nimemvika baibui, jirani akiuliza nasema ni shangazi wa marehemu mume wangu, bubu. Anafungua mdomo kwangu peke yangu. Kila siku ananiambia neno hilo hilo: "Mama Zaitun, miye sikuogopa vita. Naogopa asije akaniulizia, akanikosa, akazani nimekufa."

Wanasema malori mengine yameletwa huko kwenu. Kaka, wewe maisha yako yote unataka kwenda, huwezi kukaa. Basi nenda. Zunguka kambi hiyo yote, uliza, mtafute mume wa mtu. Hili sikuombi kwa ajili yangu.

Zaitun

*

Lugufu
11 Januari 1998

Mdogo wangu Zaitun,

Salamu za Ramadhani. Mimi mzima, nimekonda kwa kutembea. Nasra alipata homa wiki nzima, imeshuka, ila sauti yake bado haijarudi.

Nilianza siku ile ile nilipopata barua yako. Nimekwenda kibanda kwa kibanda nikiita, "Selestini wa Uvira! Selestini fundi!" Wameitika Maselestini watatu, mmoja akiwa mtoto mdogo. Watu wakaanza kunijua, wakawa wananiambia niwatafutie na wao. Mama mmoja alinishika mkono akinitajia majina ya wanawe, na mimi sikuweza kumwambia kwamba mimi si mtu wa kazi hiyo. Nikayaweka kichwani majina yao, nikayaita pia.

Alhamisi nilikuwa nateremka bombani nikaona koti langu linatembea mbele yangu. Hasira ikanipanda kwanza, nikasema mwizi huyu! Ndipo nikakumbuka. Nikamwita, "Wewe ni Selestini?" Akageuka akasema, "Ni miye. Na weye nani?" Nikamwambia, "Mimi mwenye koti."

Akaanza kulivua pale pale, kwa adabu, akilikung'uta vumbi. Nikamshika mikono. Kile kifungo kilichokatika siku nyingi ameweka kingine, si cha reli, lakini kimekaa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Leonia anakula?" Nikasema anakula, yuko kwa dada yangu, ni bubu kwa muda. Alicheka huku machozi yanamtoka.

Tukakaa chini. Akanisimulia nyumba yangu. Mpapai wa uani umezaa, paka wa Hamdani anakuja kulala jikoni, asubuhi jua linaingilia dirisha la chumba cha wageni. Nimeishi mle miaka yote hiyo, Zaitun, na jua hilo sikuwahi kuliona, nilikuwa nimeshatoka. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Nimemleta kwetu, analala mlangoni. Mlete Leonia. Kibanda chetu kina mlango wa bati, na Nasra ameotesha mchicha pembeni. Kinatosha watu wawili, nao ni wawili. Nasra akaniuliza kwa ile sauti iliyobaki, "Na sisi je?" Nikageuka kuchochea moto. Akasema, "Msafiri gani wewe, unaogopa safari ya nusu siku?"

Naogopa, Zaitun. Kwako naweza kusema. Nikishuka treni pale, waniulize barazani, nijibu nini?

Kaka yako,
Abdulmajid

*

Ujiji
5 Februari 1998

Kaka yangu, shikamoo. Wifi yangu Nasra, Idi imepita nikiwa nimekuwekea sahani, nikaila mwenyewe kwa hasira.

Anayekukabidhi barua hii ni Leonia. Mwache kwanza amwone mumewe, barua haikimbii. Na aliye nyuma yake, usijifunike kanga, ni Hamdani. Ndiyo, nimemwambia. Nimewaambia wote. Nilikwenda barazani mchana, nikasimama katikati ya wanaume na vikombe vyao, nikasimulia kuanzia boti mpaka kofia ya yule kijana. Walicheka, sikufichi. Mmoja alimwaga kahawa. Kisha Hamdani akaniuliza, "Kwa hiyo ile reli ya ng'ambo ipo kweli? Ameiona?" Nikasema ameiona. Akasema, "Basi aje atusimulie, sisi nani ametufikisha huko?" Akaenda nyumbani akaifuta baiskeli yako, ameiegemeza ukutani kwako. Mguu wake mmoja haufanyi kazi, ule wa kusimamishia baiskeli nasema.

Mwenyekiti wa mtaa amekuandikieni barua kwamba wewe na Nasra ni watu wa hapa, Hamdani anayo mfukoni. Onyesheni kwa wakubwa wa kambi, mje na treni ya kwanza.

Sina furaha kamili, kaka. Nilitaka ninyi nyote wanne muwe hapa Ujiji, mgombanie mapapai. Sipendi hesabu hii ya mmoja kuingia mpaka mwingine atoke. Leonia alipoondoka alifagia nyumba yenu mpaka nyuma ya kabati, akaweka kuni kavu jikoni, na moto ameuacha unawaka. Aliniambia nisiuzime mpaka mama mwenye nyumba aingie. Ninaulinda, na leo magoti hayaniumi. Na ninyi, mkitoka humo, waachieni wao moto. Koti mwachie pia, utachagua mwenyewe, ila nakujua utamwachia.

Uliniuliza ujibu nini barazani. Huko usijisumbue, utaulizwa mpaka uchoke. Ninachohofia ni stesheni. Siku hizi askari wanasimama pale mlangoni, wanamwuliza kila anayeshuka. Watakuuliza na wewe, tena kwa heshima, "Shikamoo mzee, umetoka wapi?" Nakuomba kwa haki ya mama aliyetuzaa, na kwa kifua cha mwanamke huyo uliyemshika botini: siku hiyo moja tu, usinyooshe mgongo. Sema Ujiji.

Zaitun